ALI WA NANI?

Jioni moja, kwenye baraza yetu ya Mkunazini, kahawa ilikuwa imeshazunguka mara ya pili na dhumna ishaanza kugongwa kwa hasira, ndipo mwandishi mwenzangu mmoja aliponitazama kwa jicho la huruma akanambia: "Yakhe, riwaya umeitupa? Miezi mitatu sasa unahangaika na rimoti! Mwandishi gani wewe?"

Watu wakacheka. Na mie nikacheka nao, maana barazani asiyecheka ndiye anayechekwa zaidi. Lakini usiku ule sikupata usingizi. Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa refu mno kutolewa kati ya dhumna moja na nyingine. Basi nimeamua kulileta hapa, kwenye kurasa zetu wenyewe, mbele ya vijana wote wanaojiita waandishi, kwani aliyoyasema yeye kwa mdomo nina hakika wengi wenu mnayasema moyoni.

Nasema wazi, na anayetaka kukasirika akasirike: kazi niliyoifanya miezi mitatu ile ilikuwa kazi ya uandishi. Na sie vijana wa visiwani tunaoikimbia kazi ya namna hiyo, tukijifanya ni ya mafundi na ya Wazungu, tunawaachia wengine watuandikie mpaka namna ya kupandisha sauti ndani ya nyumba zetu.

Ngoja nieleze, maana najua wengine mshaanza kufunua ukurasa wa mashairi.

Bibi yangu, mzaa mama, miguu imemwacha tangu mwaka juzi. Analala ghorofa ya pili, kwenye nyumba ya mawe ambayo ngazi zake zimesimama kama unapanda mnazi. Hashuki. Dunia yake ni dirisha moja linalotazama uchochoro, na TV. Kwenye TV hiyo nimemuunganishia kompyuta kuukuu, mtumba wa kontena, nikaitilia taarab za zamani, mawaidha, na zile filamu za Kihindi alizokuwa akiziona sinema enzi za usichana wake. Ili asimamshe mtu kila anapotaka kubadilisha wimbo, nilichomeka kwenye kompyuta kijiti kimoja nilichokiokota sokoni. Kilitengenezwa ili kinase matangazo ya TV ya nchi nyingine. Huku kwetu hakinasi kitu. Lakini kina jicho la rimoti, na jicho lake zima. Nikanunua rimoti ndogo, nikaifundisha kompyuta vitufe vyake, Bibi akafurahi, nami nikajiona bwana.

Furaha ilidumu siku mbili. Siku ya tatu Bibi ananiita: "Mjukuu wangu, hii mashine ina kitu." Nini tena? Anasema kila akipandisha sauti ya TV, wimbo unaruka. Yuko katikati ya ubeti, anabonyeza rimoti ya TV ili asikie vizuri, taarab inakatika na wimbo mwingine unaanza. Nilimkuta amekaa kitandani, rimoti kaiweka mbali kabisa, anasoma Ayatul Kursiy.

Nikamwendea fundi. Fundi hakufungua kitu. Akanambia: "Tupa, nunua mpya." Nikamuuliza kwa nini inafanya hivyo. Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini bahari ina chumvi.

Hapo ndipo lilipoanza jambo langu, na hapo ndipo ninapotaka mnisikilize.

Rimoti ni nini? Mbele yake mna kitaa kidogo kinachotoa mwanga wa infraredi, mwanga ambao jicho la binadamu halioni. Chukua simu yako, washa kamera, ielekeze kwenye kitaa hicho na ubonyeze kitufe. Simu nyingi zitakuonyesha kikimetameta, hasa kwa kamera ya mbele. Kwenye lugha moja iliyoenea sana, iliyobuniwa na kampuni ya NEC ya Japani, kitaa hiki humetameta mara 38,000 kwa sekunde kinapowaka, ili jicho la upande wa pili lisichanganye rimoti na jua wala taa ya chumbani. Kinaanza kwa kuwaka milisekunde 9, kinanyamaza milisekunde 4 na nusu, kama mtu anayekohoa kabla ya kusema. Kisha maneno yanafuata kwa mipigo mifupi. Baada ya kila mpigo pana kimya: kimya kifupi maana yake sifuri, kimya kirefu mara tatu ya hicho maana yake moja. Mkariri wa mashairi yeyote ataelewa. Maana yote imo kwenye urefu wa kituo.

Na rimoti hiyo inasema mambo mawili. Kwanza anwani: mie ni rimoti ya chombo gani. Pili amri: kitufe gani kimebonyezwa. Kila moja inatajwa, kisha inatajwa kinyume chake, ili msikilizaji ahakikishe hakusikia vibaya. Anwani ni kama ukoo na amri ni kama jina. Sasa nenda Darajani asubuhi ya Jumamosi, simama penye msongamano, piga ukelele: "Ali!" Watageuka watu ishirini. Ukisema "Ali wa Mzee Haji wa Kikwajuni," atageuka mmoja, na wengine wataendelea kununua samaki wao.

Haya, tuje kwenye kompyuta. Kijiti changu kinatumia Linux, ile programu endeshi ambayo Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alianza kuisambaza mwaka 1991 akiwa na miaka 21. Katikati ya programu hiyo mna sehemu inayobeba nyingine zote, wenyewe huiita kaneli. Nasi twaweza kusema kokwa, kama kokwa la embe. Na ndani ya kaneli kila kifaa kina dereva wake: dereva wa kibodi, dereva wa sauti, dereva wa kijiti changu. Dereva ni maandishi. Mistari ya maandishi, iliyoandikwa na mtu mwenye jina, ikiwekwa wazi ili kila mtu asome. Hilo ndilo lililonistua zaidi. Nilidhani nitakuta siri, nikakuta ukurasa.

Nikausoma. Sikudanganyi, wiki mbili za mwanzo sikuelewa kitu. Mie nimeishia kidato cha nne, fizikia nilipata alama ambayo mama yangu hajaonyeshwa mpaka leo. Lakini nikausoma kama ninavyosoma hadithi ya upelelezi: nani kaingia, kashika nini, katoka na nini. Na siku moja, baada ya sala ya alasiri, nikamkamata. Kijiti kilikuwa kinasikia vizuri kabisa: anwani na amri, vyote viwili. Kikavikabidhi kwa dereva. Dereva akachukua amri, na anwani akaitupa!

Naam. Alikuwa anasikia "Ali" na haulizi "Ali wa nani".

Mfahamu ilivyokuwa. Kitufe cha kupandisha sauti kwenye rimoti ya TV ya Bibi kina namba 2. Kitufe cha wimbo unaofuata kwenye rimoti yangu ndogo nacho kina namba 2. Anwani za rimoti hizo ni tofauti, moja ni 4 na nyingine ni 134, lakini dereva aliyetupa anwani angezijuaje? Kwake zote ni 2. Ukiunganisha anwani na amri kama inavyotakiwa, unazidisha anwani kwa 256 kisha unajumlisha amri: ya TV inakuwa 1,026, na ya rimoti yangu inakuwa 34,306. Hapo hapana tena anayechanganya. Jini la Bibi lilikuwa kosa la mistari mitatu.

Tena kosa hilo lina historia. Miaka mingi kazi ya rimoti kwenye Linux ilifanywa zaidi na mradi wa LIRC, uliokuwa nje ya kaneli, na madereva wengi wa kadi za TV kila mmoja alijipikia chake. Wengi walitunza nusu ya namba, kwa sababu aliyeandika alikuwa na rimoti moja tu mezani, ile iliyotoka ndani ya boksi, na nusu ilimtosha. Mwaka 2010 Mbrazili mmoja, Mauro Carvalho Chehab, pamoja na Jarod Wilson, David Härdeman na wengine, waliingiza ndani ya kaneli mfumo mmoja wa rimoti kwa madereva wote, na kazi ya kuwatoa madereva kwenye nusu namba kuwapeleka kwenye namba kamili ikafanyika dereva mmoja mmoja. Mwaka 2018 Sean Young akaongeza njia ya kufundisha lugha mpya ya rimoti bila kuigusa kaneli yenyewe. Ndani ya kaneli mna majedwali ya rimoti zaidi ya mia moja, kila jedwali faili lake, kila mstari kitufe kimoja: namba hii, maana yake hii. Hiyo ni kamusi, wenzangu! Kamusi iliyoandikwa na watu waliokaa na kitu mkononi, wakabonyeza, wakaandika.

Na sie tumeandika mstari gani humo?

Wazanzibari tunapenda kujisifu. Tutamwambia kila mgeni kwamba TV ya rangi ilianza hapa mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wenzetu wa Bara walisubiri TV yao ya kwanza mpaka mwaka 1994. Ni kweli, nami najivunia. Lakini miaka hamsini ya kutazama imetufunza nini zaidi ya kutazama? TV zimekuja kutoka Dubai kwa makontena, zimekufa, zimetupwa. Rimoti zake zimo kwenye mapolo. Na sie tumekaa barazani tunabishana nani aanze kushika rimoti.

Nikarekebisha dereva. Usiku wa kwanza nikaijenga kaneli nzima kwenye kompyuta ile kuukuu. Ilichemka mpaka alfajiri, na umeme ukakatika kabla haijamaliza. Baadaye nikajifunza kwamba unaweza kumjenga dereva peke yake, dakika chache tu. Nikamweka. Bibi akapandisha sauti, wimbo haukuruka. Alinitazama kwa mashaka, akapandisha tena, akashusha, akapandisha. Haukuruka.

Hapo ningeweza kusimama. Bibi amepona na jini lake, nirudi kwenye riwaya. Lakini nikajiambia: kama kosa hili limenisumbua mie, kuna mtu mwingine limemsumbua mahali. Nikaandika barua ya kutengeneza dereva, kama wanavyotaka wenyewe: kosa ni nini, linatokea lini, nimebadilisha nini na kwa nini, na chini kabisa ukatia jina lako kuthibitisha kwamba una haki ya kuitoa kazi hiyo. Utaratibu huo wa kutia jina wameuanza mwaka 2004. Nikatia jina langu kamili, na la baba, na la babu. Nikaipeleka.

Jibu likaja baada ya siku tisa. Mtu nisiyemjua, mahali nisipopajua, ameisoma kila mstari. Hakunisifu hata neno moja. Aliniuliza swali moja: "Waliokuwa na rimoti ya asili ya kifaa hiki watafanyaje?"

Damu ikanishuka. Jedwali la zamani ndani ya dereva lilikuwa na namba nusu za rimoti ile ya asili, iliyotoka na kijiti kiwandani. Ukimfundisha dereva kudai namba kamili, jedwali lile la nusu halitambuliki tena. Mwenye rimoti yake ya asili, popote alipo, angeamka asubuhi akakuta imekufa mkononi. Na Linux ina sharti ambalo Torvalds halilegezi: kilichokuwa kikimfanyia kazi mtumiaji jana kisivunjwe leo. Nilikuwa namponya bibi yangu kwa kuwakatia taarab bibi za watu wengine.

Ili nilitengeneze jedwali lile nilihitaji anwani ya rimoti ya asili. Na rimoti ya asili sikuwa nayo. Kijiti nilikiokota peke yake.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hoja yangu yote iko hapa. Huyo aliyeniuliza swali hakuwa nayo. Kama angekuwa nayo asingeuliza. Lakini mie niko Unguja! Nilikwenda kwa mzee mmoja anayeuza rimoti kuukuu, ana mapolo matatu, rimoti za kila namna, za TV, za redio, za viyoyozi, za vyombo ambavyo mwenyewe havijui. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo, naomba nitafute." Akaniuliza ya TV gani. Nikamweleza. Akacheka, akaniambia nikae. Nilikaa siku nne. Kila rimoti niliyoishuku naitilia betri, naitazama kwa kamera ya simu kama kitaa kinawaka, naielekeza kwenye jicho, naandika kwenye daftari. Siku ya nne, chini ya polo la pili, nikaiona: ndogo, ya kijivu, ile ile niliyoiona kwenye picha ya boksi, imepasuka kifuniko cha betri. Vitufe 35. Vitatu vimekufa, nikavifungua na kuvisafisha kwa kifutio cha penseli vikafufuka. Nikaviandika vyote 35, anwani na amri. Mzee alinitoza shilingi elfu mbili, kisha akanirudishia elfu moja kwa sababu, alisema, hajapata kumwona mtu akisoma polo.

Kusoma polo! Yule mzee asiye na cheti ameielewa kazi yangu kuliko mwandishi mwenzangu wa barazani.

Sasa niwajibu wanaopinga, mmoja baada ya mwingine.

Wapo wanaosema: hayo mambo ya Wazungu. Nishawataja Mbrazili. Na aliyeanza yote alikuwa kijana wa umri wetu, mwanafunzi, hajamaliza chuo. Kaneli haiulizi umezaliwa wapi. Inauliza kama ulichoandika ni kweli.

Wapo wanaosema: ni Kiingereza kitupu. Hapo wana haki, nami sifichi. Barua niliiandika kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, na majina ya vitufe humo ni ya Kiingereza. Inauma. Lakini mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye mradi wa Kilinux pamoja na wenzao wa Sweden, walitoa programu ya kuandikia nyaraka inayozungumza Kiswahili, Jambo OpenOffice. Walikaa wakatafuta neno kwa kila amri, neno moja moja. Je, kazi ile ilikuwa ya mafundi au ya waandishi? Niambieni. Na leo nani anamweleza kijana wa Makunduchi au wa Nungwi, kwa Kiswahili anachokielewa, dereva ni nini na anafanyaje kazi? Kama sie wenye kalamu hatutaki, basi tusilalamike kwamba lugha yetu haina maneno. Lugha haikui kwa kuimbiwa sifa kila siku ya maadhimisho. Inakua pale mtu anapokwama, akahitaji neno, akalitafuta.

Wapo wanaosema: hakuna pesa. Kweli. Sijapata hata senti, na nimetumia bando la intaneti ambalo mama angelinunulia mchele kilo kadhaa. Lakini mwenzangu, hadithi zako nazo zimekupa shilingi ngapi? Tusidanganyane kwenye jarida ambalo mhariri wake analipia karatasi kutoka mfukoni.

Na wapo, hawa ndio walionikera, wanaosema: hiyo si fasihi. Mwandishi aandike mapenzi, aandike siasa, aandike bahari. Enhe! Muhammed Said Abdulla, baba wa Bwana Msa, aliyetutolea Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alikuwa nani kazini kwake? Aliwahi kuwa mkaguzi wa idara ya afya, na tangu 1958 mpaka 1968 alihariri gazeti la Mkulima. La wakulima! Mtu aliyetufundisha kutazama kila alama chini ya mti mpaka kisa kifumuke alikuwa anahariri gazeti la kilimo mchana. Adam Shafi alipotoa Kuli mwaka 1979 aliandika bandari, na mzigo, na mgomo wa mwaka 1948; usingeweza kuandika vile kama unaona kazi za mikono ni uchafu usiostahili kalamu. Wakubwa wetu waliandika kwa sababu walijua jinsi vitu vinavyofanya kazi na jinsi vinavyowaumiza watu. Sie tunataka kuandika kwa sababu tunajua jinsi waandishi wanavyovaa.

Maneno makali? Nayarudisha kwangu kwanza. Riwaya yangu iko kwenye kaunta buku mbili, kurasa mia na arubaini. Nimeisoma upya baada ya haya yote, na nimeona aibu. Mna fundi redio ndani yake, sura ya tatu. Anafungua redio, anaitazama, anaifunga, redio inaimba. Basi! Sikuandika alichokiona ndani, kwa sababu sikujua kuna nini ndani. Nilimtupia anwani yake nikabaki na amri: fundi, tengeneza. Wahusika wangu wengi ni hivyo. Mvuvi anavua. Mama anapika. Ali, Ali, Ali, na hapana hata mmoja anayeulizwa wa nani. Yule aliyenijibu barua yangu kwa swali moja kavu kanifundisha uhariri kuliko sifa zote za barazani. Hakuniuliza kama nina kipaji. Aliniuliza: na wale wengine je?

Kwa hiyo nawaomba jambo, vijana wenzangu, na nina maana ya ombi kweli. Sisemi kila mmoja akajifunze Linux. Nasema chukueni kitu kimoja kilicho karibu nanyi ambacho hamkijui kinavyofanya kazi, mkae nacho mpaka mkijue, mkiandike kwa usahihi, kwa Kiswahili, ili mtu mwingine akikisoma aweze kukifanya. Kiwe mtego wa dema, kiwe cherehani, kiwe jiko la karafuu zinapoanikwa na mvua ikanyesha. Na anayetaka rimoti, mapolo yapo. Mie mwenyewe nimeshaanza daftari la pili. Nina majedwali ya rimoti kumi na moja ambazo sikuzikuta ndani ya kaneli, na kila moja inaweza kutiwa kwenye faili fupi la maandishi ambalo kompyuta yenye Linux inalisoma bila kujengwa upya kitu chochote. Hilo hata wa darasa la saba aliyetulia analiweza kwa siku moja.

Barua yangu ya pili, yenye jedwali la vitufe 35, nimeshaipeleka. Sijajibiwa. Huenda itarudi tena na swali jingine, nami nitaandika tena. Kwetu nyumbani dereva wangu anafanya kazi. Bibi hasomi tena Ayatul Kursiy kwa ajili ya mashine. Anaisoma kwa ajili yangu, nioe. Jana aliniita, nikadhani kuna kosa jipya. Kumbe anataka nimwondolee wimbo mmoja ambao haupendi, wa mwimbaji aliyewahi kugombana naye zamani hizo kwa sababu ambazo hanambii.

Nikamuuliza, "Bibi, mwimbaji gani?"

Akanitajia jina. Nikamwambia yako majina hayo mawili humo.

"Wa Ng'ambo," akasema, "binti wa yule mshona kofia."

Nikaiondoa. Na mwandishi mwenzangu wa barazani, kama unasoma, kesho jioni kahawa nanunua mie. Njoo na hoja, njoo na rimoti yoyote iliyokufa kwenu. Wengine wenye majibu, na hata wenye matusi, mpitishieni mhariri.